Friza Inayoniita

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda chako, kile kinachoyumba, kwenye korido ya nyumba yetu ya Buzebazeba. Mgongo wangu uko ukutani na friza ya Mama iko mbele ya magoti yangu. Ni hapa hapa ulipokuwa umekaa siku ile. Kutoka kibanda changu cha ufundi pale Mwanga mpaka hapa, mtu akipanda bajaji na karanga mkononi, anashuka hajazimaliza. Mimi nimetumia miezi mitano. Nilikuwa naogopa friza.

Cheka tu. Binti yako, uliyezunguka naye Kigoma nzima ukijisifu kwamba anaziba bomba la gesi kuliko mwanaume, anaogopa friza. Sikuogopa mashine yenyewe, Baba. Niliogopa kuivuta kutoka ukutani, nifungue nyuma yake, nikute waya uliochubuka. Niliogopa kujua kwamba kazi uliyonipa mimi ndiyo iliyokuua wewe.

Nianze na yale tuliyokuwa nayo, maana nikianza na siku ile sitaimaliza barua.

Unakumbuka nilipokuwa nakupelekea chakula kazini, nikakataa kurudi nyumbani? Nilikaa nikakutazama umechuchumaa nyuma ya friji ya watu, macho umefumba, tasbihi mkononi. Nilidhani unaiombea dua. Nikakuuliza kama friji nazo zinasomewa. Ukaniambia nikae chini, ukanipa tasbihi, ukasema nihesabu. Inawaka, unaanza punje ya kwanza. Inazima, unashika punje uliyofikia. Friji nzima inazunguka tasbihi karibu mara tatu ndipo ipumzike. Ikizima kabla hujamaliza hata duru moja, halafu ikawaka tena, ikazima tena, hiyo inaumwa. "Kompresa haichoshwi na kazi," ulisema, "inachoshwa na kuanza kazi." Nikakariri maneno hayo kabla sijajua kwamba kompresa ni ile pampu inayounguruma nyuma ya friji.

Mama hakuipenda kabisa desturi ile. Alisema unamchanganya Mungu na mafriji ya watu. Ukamjibu kwa upole wako wa kuudhi kwamba kila punje unamtaja Yeye, friji inasikiliza tu.

Na ule uzi mwekundu. Ulikuwa unauchomoa kwenye kibunda cha nyuzi za Mama. Kazi ikiisha, unahesabu mara ya mwisho, unafunga uzi kwenye punje ambayo mashine imezimia. Fundo moja kwa duru ya kwanza, mawili kwa ya pili, matatu kwa ya tatu. Mwenye friji akija unamkalisha, mnahesabu wote, na mashine ikifika kwenye uzi na kuzima, ndipo unaufungua na kumruhusu aondoke nayo. Mafundi wengine wa Mwanga walikucheka. Walikuwa wanabadilisha vipuri na kuita wateja wachukue mali zao, wewe umekaa na mama wa watu mnahesabu punje. Hata mimi nilipopata kibanda changu niliiacha. Nilisema siku hizi kuna saa kwenye simu. Hukunigombeza. Ulisema tu kwamba saa inahesabu hata ukiondoka.

Jambo jingine ulilonifundisha si la ufundi. Nilipokuwa mdogo ukiniita nilikuwa nauliza, "Nini?" Ukawa hunijibu. Unaita tena, "Zuhura," mpaka niseme, "Abee, baba." Ukasema mtu akiitwa anaitika kwanza, sababu ataijua akishafika. Nilikuwa binti mbishi, unajua. Nikiitika, sauti yangu ilikuwa ya kutaka ugomvi. Lakini niliitika.

Sasa siku ile.

Wiki hiyo ulikuwa umeshaniambia kwamba friza ya Mama inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na barafu zake za kuuza hazigandi vizuri. Wanawake wa samaki wa Kibirizi walikuwa wanalalamika kwamba barafu ya Mama Zuhura siku hizi inafika ufukweni ikiwa maji. Nikasema nitakuja. Sikuja. Nilikuwa na kazi, Baba, na siyo uongo, lakini kazi nilikuwa nayo siku zote.

Alasiri ukapiga simu. Nilikuwa nimelala chali chini ya friji la mgahawa, simu nimeibana begani. Ukasema, "Zuhura, mama, njoo uisikilize hii friza."

Nikasema, "Nini tena, Baba? Leo nimebanwa. Kesho."

Ukanyamaza kidogo. Ukasema, "Haya. Kesho ni ya Mungu."

Mimi ndiye niliyekata simu.

Kabla ya Magharibi Mama alikukuta hapa, kwenye kigoda hiki, umeegemea ukuta, kichwa kimeinama. Alidhani umesinzia. Akachomoa plagi kwanza, sijui kwa nini, nadhani mke wa fundi hujifunza kuchomoa plagi kabla ya kulia. Hospitali walisema moyo umesimama. Nikaipokea hivyo mbele za watu. Lakini mimi ni fundi, najua umeme nao husimamisha moyo. Nilikuja nikakuta watu, tukakuzika asubuhi yake, na sikumwuliza mtu yeyote mikono yako ilikuwa wapi.

Kitu kimoja tulikitafuta tusikione, tasbihi yako. Mama alitaka awe nayo. Tulikagua kanzu, mkeka, mifuko, mpaka kwenye sanduku la spana. Ikasemwa imeangukia hospitali.

Baada ya kuzikwa, Mama aliacha biashara ya barafu. Alitoa kila kitu kwenye friza akagawa. Alibakiza kipande kimoja cha kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwani, kile ulichomletea asubuhi ya siku ile ukamwambia akipike Ijumaa kwa mawese. Akakifunga kwenye mfuko, akakiweka chini kabisa, akairudisha plagi. Na friza ikaanza tena. Tah, inawaka. Punde, tah, inazima. Tena. Tena. Nilikuwa nimekaa sebuleni na shangazi zangu siku ya arobaini, watu wanasoma, na masikio yangu yote mawili yako koridoni.

Mama aliniona. Alikuja akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi: "Unaisikia? Anakuita. Siyo mimi. Mimi nilikuwepo."

Tangu siku hiyo sikukanyaga korido. Ijumaa nilikuwa nakuja, namletea Mama unga na dagaa, nakaa barazani, nakunywa chai yangu mbiombio kama mdaiwa, naondoka. Yeye alikuwa anaingia ndani kila baada ya muda mfupi, nasikia kifuniko cha friza kinafunguliwa, kinafungwa. Anaenda kumtazama kuhe wako. Akirudi anakaa, tah, tunatazamana. Kibandani nikawa naisikia kwenye mashine za wateja. Nikiwa sokoni nanunua nyanya naisikia. Nilianza kuitikia kimoyomoyo, halafu naona aibu.

Nikamtuma Fundi Yasini wa Rusimbi, yule uliyemwita mwanafunzi wako asiyehitimu. Nikamwambia mama yangu anataka mtu mwingine aiangalie, mimi niko mbali kidogo na jambo hilo. Yasini hakuuliza. Hata hakuivuta friza, alipitisha mkono pembeni, akapima thamostati, ile swichi inayoamua lini mashine ilale, akaikuta nzima. Akanipigia simu. "Dada, ile mashine haina ugonjwa," alisema. "Lakini bado inafanya vile vile. Mimi sitaki kurudi mle ndani, nikwambie ukweli."

Jana asubuhi Mama alipiga simu. Hajawahi kunipigia kuhusu friza. Nilikuwa na mteja mbele yangu, ameshika feni yake. Mama akasema, "Zuhura, njoo uisikilize hii friza."

Maneno yale yale, Baba. Sijui kama alikusikia siku ile ukiyasema au ni maneno tu ya nyumba yetu. Mdomo ulishafunguka useme kesho. Nikamwambia yule mwenye feni anisamehe, nikafunga kibanda, nikapanda bajaji nikiwa na mfuko wa vifaa kwenye mapaja, kama naenda kusomewa kesi.

Mama alikuwa amesimama koridoni, ameshika mlango. Nikamwambia, "Mama, nitachomoa plagi."

"Chomoa," akasema. "Mimi nimechoka kumsikia anaita mtu asiyekuja."

Nikachomoa. Nikaishika friza pembe mbili nikaivuta. Nilipima kwanza bodi kwa mita, nione kama kuna waya unaoigusa, halafu waya wa ardhini, halafu waya wote wa plagi nikaupitisha vidoleni inchi kwa inchi. Hakuna pa kuchubuka. Nikageuza tochi nyuma. Mfuniko wa waya wa kompresa ulikuwa umefungwa, parafujo zote nne zipo, na mipasuo ya vichwa vyake umeilaza upande mmoja, vile ulivyokuwa unalaza wewe peke yako katika Kigoma hii. Zile nyavu za nyuma zinazotoa joto, ambazo kwenye nyumba yenye vumbi kama yetu huwa zimevaa sweta, zilikuwa zimepigwa brashi hadi ndani. Zilikuwa na vumbi jepesi tu la miezi mitano. Brashi yako iliegemezwa pembeni.

Na juu ya kibao cha chini, kati ya miguu ya friza na ukuta, palikuwa na tasbihi yako, imelazwa duara kama kitu kilichowekwa, si kilichoanguka.

Nilikaa chini sakafuni. Sikuiokota mara moja. Nilimulika nikaona uzi mwekundu, nikauona kabla sijazihesabu punje, na mafundo yake yalikuwa matatu.

Nikamwita Mama. Akaja akaiona, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga. Ndipo nikamwuliza lile ambalo sikuwahi kumwuliza mtu. "Mama, Baba aliponipigia simu alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa hafanyi kitu," akasema. "Alikuwa amemaliza. Amenawa mikono kwa ile sabuni ya mawese, amevaa kanzu safi, ameomba chai. Chai nilimletea hapo hapo."

"Alikuwa amemaliza friza?"

"Ego," akasema kwa Kiha chake, ndiyo. "Alikuwa anacheka peke yake. Akasema, ngoja nimwite Zuhura aje ahesabu na mimi."

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu, nikaenda uani, nikarudi.

Miezi mitano nimebeba mzigo ambao si wangu, Baba. Hukufa mikono ikiwa kwenye waya. Hukufa ukifanya kazi niliyoikwepa. Nilipaswa kushusha pumzi, na nilishusha, nakiri, nililia kwa kupumua. Halafu mzigo mwingine ukanikalia pale pale uliposhuka ule wa kwanza. Hukuniita nije nitengeneze kitu. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Uliniita nije nikae na wewe robo saa, tuhesabu, kama yule mama wa watu aliyekuja kuchukua friji lake. Mimi nikakujibu kama mteja msumbufu. Kwa ule wa kwanza ningeweza kujitetea, ningesema umeme ni umeme. Kwa huu sina la kusema.

Sasa nikuambie ugonjwa, maana ungeniuliza. Kama uliiacha nzima, mbona iliita miezi mitano? Nilikaa kwenye kigoda chako nikaifikiria mashine badala ya kukufikiria wewe, na jibu lilikuwa lako. Yule mwenye duka wa Mwanga aliyekulaumu kwamba friji lake jipya linawaka na kuzima mchana kutwa, unamkumbuka? Ulilifungua, ukakuta soda mbili na ndimu. Ukajaza chupa za maji mpaka juu, ukafunga, ukaenda kuswali. Uliporudi friji limetulia. Nilicheka nikasema huo siyo ufundi, huko ni kujaza maji. Ukasema baridi nayo ni mgeni, inataka pa kukaa. Ikikuta nyumba tupu inapita tu, na mashine inatoka tena kwenda kuitafuta.

Mama aliitoa barafu yote. Aliacha kipande kimoja cha samaki, na kila dakika anafungua kifuniko kukitazama, anaingiza joto la korido. Mashine ikawa inapoza hewa tupu, hewa inapoa upesi, inazima. Hewa inapata joto upesi, inawaka. Ndiyo sauti yote hiyo. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeijua. Yasini hakuijua kwa sababu alikuwa na hofu, na mimi sikuijua kwa sababu sikuingia.

Nikamwambia Mama, "Ni tupu tu, Mama. Inahitaji kujazwa."

Akanitazama. "Mimi sitaki kuuza barafu," akasema.

"Usiuze. Tuweke maji tu."

Tukakusanya chupa zote za nyumba hii, madumu madogo, na ile mifuko yake ya barafu iliyobaki kwenye kabati. Tukajaza, tukapanga. Kuhe wako sikumgusa, Baba, yumo bado chini kabisa, tumempangia chupa juu na pembeni. Nikamwomba Mama asifungue mpaka kesho. Akaahidi, nikajua anavyoona ugumu, akaenda kukaa barazani akashika mikono yake mwenyewe. Nililala hapa, mara ya kwanza tangu uondoke.

Leo baada ya Alasiri barafu ilikuwa imeshika. Nikakaa kwenye kigoda. Mama akaketi sakafuni kando yangu. Nikasubiri iwake, na ilipowaka nikaanza punje ya kwanza. Nilimtaja Yeye kila punje, ulivyotaka. Duru ya kwanza ikaisha, inakwenda. Mama akawa amefumba macho. Duru ya pili ikaisha. Kwenye ya tatu vidole vyangu vikaanza kukaribia uzi, nikapunguza mwendo, nikajilaumu, nikarudi kwenye mwendo wangu. Nikaushika uzi mwekundu. Tah. Ikazima.

Nimehesabu tena baada ya hapo. Mara ya pili ilipita uzi kwa punje nne, mara ya tatu ikapungua mbili. Mashine ni mashine, na pengine mkono wangu wa kwanza ulitaka kufika hapo. Lakini mara ya kwanza ilisimama kwenye uzi wako, na tuliokuwepo ni Mama na mimi.

Kisha pakawa kimya. Kimya kirefu, ambacho nyumba hii haikukijua tangu uzikwe. Nilidhani Mama atafurahi. Alikaa akisikiliza, akageuza shingo kidogo kuelekea ukutani, akasubiri, na haikuja. Machozi yakamtoka polepole.

"Amenyamaza," akasema.

Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia habari za hewa na kifuniko, nikaona ni ujinga. Miezi mitano mimi niliikimbia sauti ile na yeye aliishi kwayo. Nimeitengeneza friza, na nimemnyang'anya Mama mtu aliyekuwa akizungumza naye mchana kutwa. Hukuwahi kuniambia kwamba kuna kazi ambayo ukiimaliza vizuri, mwenye mali analia.

Baadaye alijifuta uso, akaomba tasbihi. Nikampa. Nilitaka kuufungua uzi kwanza, kwa desturi yako, maana kazi imekwisha na mwenye mali amehesabu. Akaifumba kiganjani. "Uache," akasema. Ameenda nayo chumbani, nasikia anataja punje kwa sauti ya chini, na sijui anamhesabia nani.

Nami nimebaki hapa. Nimemwambia nitakuwa nakuja kila Alasiri, siyo Ijumaa peke yake, na siyo barazani. Najua ni kesho yangu ile ile inayokuja imechelewa miezi mitano. Chai ameniletea hapa hapa koridoni, ameiweka sakafuni mahali ambapo nadhani alikuwekea yako. Sijamwuliza.

Lala salama, Baba. Mungu akuzungushie nuru huko ulikotangulia, na anisamehe mimi ule ukimya wako mdogo kwenye simu, kama ulikuwa na uchungu ndani yake. Parafujo nimezirudisha, vichwa nimevilaza upande mmoja. Kigoda chako cha kuhesabia nimeshakikalia.

Imewaka tena sasa hivi, naandika huku nasikia. Safari hii sikuuliza nini.

Abee, Baba. Nimekuja.

Binti yako, Zuhura